Kuni za Bwana Bilulu

Kiangazi kilichopita tulimzika Bibiane, jirani yangu wa zamani, na hata pale matangani sikuachwa nipumzike. Nilikuwa nimeketi kwenye kiti cha plastiki chini ya turubai, goti la kushoto linaniuma, namsubiri padri aliyechelewa kama wanavyochelewa mapadri wa siku hizi, wakati bibi mmoja asiye na jino hata moja aliponiinamia. Alinitazama usoni, akashuka mpaka miguuni, akarudi usoni. "Ni weye," akasema. "Ni weye ule muke wa muzungu wa kuni." Nikamwambia mimi ni mjane wa Sylvestre Banza, fundi wa mbao, na sijawahi kuwa mke wa mzungu yeyote, wa kuni wala wa makaa. Akanipigapiga mkono kwa huruma. "Tunajua, mama," akasema. "Ni ya zamani." Kisha akageuka kumnong'oneza jirani yake wa upande wa pili, na yule jirani naye akainua shingo ili anione vizuri. Wote waliouanzisha uvumi ule wamekwisha kufa, Bibiane akiwa wa mwisho, na uvumi wenyewe bado mzima, una meno yote. Ndiyo maana naandika. Sitaeleza nilizaliwa wapi wala babu yangu alikuwa nani, mambo ambayo hayamhusu mtu. Nataka mwaka mmoja tu ueleweke, mwaka wangu wa kwanza wa ndoa, katika miaka ile ya hamsini, mji huu wa Lubumbashi ulipokuwa bado unaitwa Élisabethville na sisi weusi tukikaa cité yetu na wazungu mji wao.

Tulipanga chumba Kamalondo, katika lupango, yaani ua mmoja wenye vyumba vingi vinavyotazamana, ambamo mtu akikohoa asubuhi, mchana anaulizwa dawa aliyokunywa. Chumba chetu kilikuwa na mlango mmoja, dirisha moja na ukuta mwembamba ambao nyuma yake alikaa Bibiane na mumewe Célestin. Sylvestre alikuwa amekitengeneza kitanda yeye mwenyewe, na meza, na viti viwili vya mbao ya mulombwa, vyekundu, vimepigwa msasa mpaka vinateleza. Nilileta mabakuli ya enameli na vitambaa nilivyodarizi shuleni kwa masista. Nilivitandika kila mahali palipokubali kitambaa, na jioni ya kwanza, tulipokula bukari, ugali wetu, na sombe, yaani kisamvu, iliyotiwa samaki mkavu, Sylvestre alizungusha macho akasema, "Sasa hii iko nyumba." Naikumbuka sentensi hiyo kwa sababu ilidumu majuma machache tu. Leo nakaa kwa binti yangu upande wa Karavia, nyumba ya vyumba vingi yenye jiko la umeme ambalo umeme wake huja unapotaka wenyewe, na bado nikifunga macho chumba ninachokiona ni kile, kabla ya gogo la kwanza kuingia.

Liliingia begani kwa Sylvestre, siku ya kazi, saa za kurudi. Lilikuwa gogo la musamba lililooza, jeupe kwa ukungu, linanuka kama ardhi iliyofukuliwa. Akalitua juu ya meza, juu ya kitambaa changu.

"Ile ni ya nini?" nikamwuliza.

"Ni ya Bwana Bilulu."

"Tutapikia?"

"Hapana, Adolphine. Haipikiwe. Ndani iko na batoto."

"Batoto ya nani?"

"Ya bilulu."

Bilulu kwetu ni wadudu. Bwana Bilulu alikuwa mhasibu wa kiwanda cha mbao alikofanya kazi Sylvestre, mzungu mrefu, mwembamba, mwenye soksi zisizokaa juu, na wafanyakazi walimpa jina hilo kwa sababu saa ya chakula, wazungu wenzake wakila, yeye alikuwa rundoni mwa magogo akibandua maganda kwa kisu. Alikuwa akitafuta aina moja ya mdudu anayezaliwa na kukulia ndani ya mti uliooza, na ambaye huwezi kumchimba bila kumharibu. Lazima usubiri akomae mwenyewe gizani na atoke kwa hiari yake. Hapo kwanza magogo yake aliyaweka nyumbani kwake. Yakaleta mchwa, mchwa wakala mguu wa piano, na mkewe akasema ama kuni ama yeye. Basi kuni zikaja kwangu. Hakuna aliyefikiri kwamba mimi pia ni mke wa mtu na kwamba mimi pia naweza kusema ama kuni ama mimi. Sylvestre alikuwa na sababu yake. Bwana Bilulu alimwahidi kwamba akimpata mdudu huyo, atamwombea kwa mkurugenzi apewe mashine kubwa ya kupasulia, na anayeshika mashine ile hupewa nyumba ya vyumba viwili kambini kwa wafanyakazi wa kiwanda. Nilikuwa na mimba. Vyumba viwili vilinivutia. Nikatoa kitambaa chini ya gogo, nikakikunja.

Jumamosi iliyofuata Bwana Bilulu alikuja mwenyewe kuangalia. Aligonga mlango, jambo ambalo mzungu hakuwa akilifanya katika cité, na akaniita Madame, jambo ambalo lilifanya vichwa vyote vya lupango vitokeze. Alileta masanduku ya mbao yaliyozibwa vizuri, kila moja na tundu ubavuni na chupa ya kioo imechomekwa tunduni. Gogo hukaa gizani ndani ya sanduku, akanieleza. Mdudu akitoka hutafuta mwanga, na mwanga pekee uko chupani, basi huingia chupani mwenyewe. Kwa Kiswahili chake cha jikoni akaniuliza kama namjua yule mdudu mweusi mwembamba ambaye watoto humlaza chali ili aruke hewani kwa kishindo, ta. Nikamwambia kila mtu anamjua. "Basi ile hapana," akasema. "Mimi nataka ndugu yake ya uongo. Sura iko moja. Lakini ukimulalisha mugongo, hapana ruka. Iko piga miguu tu." Jina lake, akasema, kwa Kilatini ni Fornax, na maana ya neno hilo ni tanuru. Nikamwambia kama anaitwa tanuru, basi tumtie motoni tumalize. Alicheka mpaka akakohoa. Alicheka peke yake. Mimi sikuwa natania.

Magogo yaliongezeka. Lilikuja la muputu, likaja la mupundu, likaja moja lisilojulikana mti wake kwa kuoza. Masanduku yalikaa mezani, kisha kwenye viti viwili, kisha chini ya kitanda. Tulikula tumeketi kitandani, sahani magotini. Dirisha likafungwa kwa gunia ili mwanga usiwapoteze wadudu njia. Kilichonichosha zaidi ya yote ni kwamba kuni zile zilipaswa kunyweshwa. Zikikauka, mdudu anafia ndani. Kwa hiyo kila asubuhi nilipanga foleni kwenye robine, bomba la maji la mtaa mzima, tumbo mbele, ndoo kichwani, nikarudi nyumbani na kumwagilia kuni. Kisha nikatoka tena kununua makaa ya kupikia, kwa sababu kuni zilizojaa chumbani kwangu zilikuwa zimelowa na zilikatazwa moto. Siku moja mwanamke mmoja aliniona nikinyunyiza maji mlangoni juu ya sanduku, akasimama, akauliza nimepanda nini. Nikasema ni kuni. Akatikisa kichwa polepole, akaenda zake. Hata sasa nikikumbuka naona haya, ingawa haya ile si yangu.

Bwana Bilulu akawa anakuja kila Jumamosi alasiri, na Jumamosi alasiri Sylvestre alikuwa parokiani kwenye mazoezi ya kwaya. Alikuwa na sauti nene, na mwalimu wa kwaya hakuwa na mwingine wa kushika sauti ile. Mzungu alikuwa akiingia, akisema "Jambo, Madame," akifunga mlango nyuma yake kwa sababu ya mwanga, na kulala kifudifudi kwenye mkeka wangu, sikio kwenye sanduku, akisikiliza kama kuna kinachotafuna. Alikaa hivyo mpaka jua lilipoteremka. Mara ya kwanza nilibaki ndani nikishona, kwani chumba kilikuwa changu. Siku chache baadaye, kupitia ukutani, nilimsikia Bibiane akizungumza na mumewe wakila.

"Muzungu anakuya kila samedi," Bibiane alisema. "Anafunga na mulango."

"Kufanya nini?" Célestin akauliza.

"Banasema anaangalia kuni."

Nilisikia kijiko kikiwekwa chini. Kisha Célestin akasema, taratibu, "Kuni," na wote wawili wakacheka mpaka wakaanza kupigana migongo.

Bibiane alikuwa rafiki yangu. Nalisema hilo bila kejeli. Alinifundisha kuchagua kapenta, dagaa wetu, sokoni, alinifunga kiuno mgongo uliponiuma, na alieneza jambo lile robine yote. Hakuona mgongano wowote kati ya hayo mambo. Nilipomkabili alisema, "Lakini miye sikusema kitu, Adolphine. Nilisema tu kwamba anakuya. Hakuyake?" Ningejibu nini? Anakuja. Nikamwambia aingie aone masanduku. Akaingia, akaona, akainama akanusa, akatoka akasema kwamba kweli kuna kuni, na kwamba wazungu wana akili sana, wanajua kutafuta sababu. Baada ya hapo robine ilinyamaza kila nilipofika. Mara moja tu mtu aliniuliza usoni, tena kwa upole: mtoto nikimzaa na nywele kama ndevu za mahindi, nitamficha wapi? Maana kila mmoja wetu alijua watoto wa rangi mbili walivyochukuliwa na kupelekwa mbali kulelewa kwa masista, na mama asiulizwe. Nilirudi na ndoo, nikamwagilia kuni. Mimba ilikuwa ya Sylvestre, nilijua kama ninavyojua jina langu, na bado nilianza kumwota mtoto mweupe.

Nilimwomba Sylvestre aache kwaya Jumamosi, abaki nyumbani mzungu akija. Alikuwa anakula, ameinamia sahani.

"Hapana kusikiliza banamuke," akasema. "Banasema, banachoka, banaacha."

"Habachoke. Akae nyumbani muntu mumoja, weye, ndio itaisha."

"Na kwaya?"

"Sylvestre, ni mimba yako banasema."

"Vumilia kidogo," akasema. "Mvua ikianza, bilulu bitatoka. Bwana amesema. Kidogo tu tunapata nyumba."

Basi nikajipangia dawa yangu mwenyewe. Mzungu akiingia, mimi natoka. Nilichukua kibao cha kukalia, nikakiweka katikati ya ua, mgongo umeelekea mlango, nikachambua maharage mahali ambapo kila dirisha la lupango lingeniona kuanzia anapoingia mpaka anapotoka. Nilikaa hivyo Jumamosi baada ya Jumamosi, katika jua la mwezi wa kumi, jua lile la hapa Katanga kabla ya mvua ambalo linapasua midomo, tumbo limejaa mapaja, nikichambua maharage yaliyokwisha kuchambuliwa. Wanawake walipita, wakanisalimu, wakatazama mlango uliofungwa, wakanitazama mimi. Sijui walifikiri nini. Nadhani walifikiri namlindia mlango. Kwa mtu aliyekwisha kuhukumiwa hakuna namna ya kukaa ambayo haishuhudii dhidi yake.

Mvua ya kwanza iliponyesha ilikuwa Jumamosi, na ilikuja kama inavyokuja huku, bila kuuliza. Upepo, vumbi, kisha maji kama yanamwagwa kwa karai. Watu wote walikimbilia ndani. Mimi nilibaki kwenye kibao. Nataka hili lieleweke, kwa sababu watoto wangu nikiwasimulia husema nilikuwa mkaidi. Mlango pekee wa kukimbilia ulikuwa mlango wangu, na ndani yake kulikuwa na mwanamume amelala kwenye mkeka wangu. Bibiane alinifungulia wa kwake, akaniita. Sikwenda. Nilikuwa nimechoka na uso wake, na huruma yake, na masikio yake. Nilikaa, maharage yakaelea kwenye ungo, kitenge kikanigandama tumboni, na yule mzungu ndani hata hakujua kwamba mvua inanyesha juu ya mtu.

Hapo likaingia gari. Magari hayakuwa yakiingia lupango. Hili liliingia mpaka katikati, matope yakaruka, na mwanamke wa kizungu akashuka bila kofia, viatu vya kisigino vikazama. Nilijua ni nani kabla hajasema. Alinijia moja kwa moja.

"Wewe iko Adolphine?"

"Ndiyo, Madame."

Jina langu basi lilikuwa limefika mezani kwao pia. "Bwana iko wapi?" akauliza.

"Iko ndani."

Alianza kwenda mlangoni, kisha akasimama. Akarudi. Maji yalikuwa yanamtiririka usoni. "Na wewe iko inje kwa nini? Mvua iko nyesha."

"Sababu bwana yako iko ndani, Madame," nikamwambia.

Alitazama tumbo langu. Alitazama kibao, ungo, na vichwa vilivyobanana kwenye kila dirisha. Nilimwona akielewa, kidogo kidogo, kama mtu anayesoma barua ya lugha ngeni. Akanishika mkono akaniinua, akasukuma mlango kwa bega, akauacha wazi kabisa. Bwana Bilulu alikuwa kifudifudi mkekani. Hakugeuka. Alinyoosha mkono nyuma na kutikisa kidole. "Chut," akasema. "La porte, s'il vous plaît, Madame. La lumière." Alidhani ni mimi, nifunge mlango, mwanga usiingie. Mkewe akamwambia kwa Kifaransa asimame, kwa sauti ambayo hata mimi ingenisimamisha. Akasimama, magoti yamejaa vumbi, na mkononi alikuwa na chupa. Machozi yalikuwa yanamtoka. Sikuwahi kumwona mzungu akilia, na ilinichukua muda kuelewa kwamba ni furaha. "Regarde, Hélène," akasema. "Il est sorti." Ametoka.

Tukatazama, mimi na yeye, vichwa vimekaribiana. Chupani kulikuwa na mdudu mrefu kidogo kuliko punje ya mchele, rangi ya kahawa, vipapasio vyake amevikunja chini ya kifua. Bwana akamlaza chali kwa ncha ya kalamu. Hakuruka. Akapiga miguu, akapiga, akageuka.

"C'est ça?" akasema Madame.

"Ni kile?" nikasema mimi, wakati uleule.

Akanitazama. Kwa kitambo kidogo sana hatukuwa mweupe na mweusi; tulikuwa wake wawili waliochoshwa na kitu kimoja. Kisha akamwelekezea mumewe mlango. Bwana Bilulu alitoka nje mvuani na chupa ameificha ndani ya shati, akasimama palepale nilipokuwa nimekaa, na lupango yote ikamwona. Madame alitafuta pa kunikalisha. Viti vilikuwa na masanduku. Akalinyanyua moja kwa mikono yake na kulitupa nje matopeni. Mumewe akasema, "Non, Hélène, non," lakini Madame akatupa la pili. Nikaketi kwenye kiti changu mwenyewe kwa mara ya kwanza baada ya miezi. Alichukua kitenge kikavu kwenye kamba ya nguo ya chumbani akanipangusa mgongo, kwa nguvu, kama anayepangusa meza, na wakati anapangusa alisema, "Mimi nilifikiri," hakumaliza.

"Bote banafikiri, Madame."

"Na bwana yako? Yeye anasema nini?"

Ningemwambia nini, kwamba anasema nivumilie? Niliona kwamba katika habari hii yote, mwanamke huyu mgeni, ambaye hakunipenda wala hakuwa na sababu ya kunipenda, ndiye wa kwanza kuuliza swali hilo. Mimi sikuwa nimejiuliza. Madame alikunja kitenge na kukiweka kitandani. Kisha alimwamuru mumewe apakie magogo yote garini, na yule mzungu akayapakia mvuani, moja moja, akiyakumbatia. Sikumwona tena yule Madame isipokuwa siku moja mjini, mbele ya duka, miaka baadaye. Alinipita kama nguzo ya taa. Sikumlaumu.

Sylvestre alirudi akiimba. Alipofika mlangoni akaacha. Chumba kilikuwa kitupu, dirisha wazi, meza imetandikwa kitambaa. Nilimweleza. Hakuuliza kama nilipata baridi.

"Mashini imekwenda," akasema. "Umeharibu mashini."

"Sylvestre," nikasema, "ulijua bantu banasema nini?"

"Kila muntu alijua."

"Kazini pia?"

Akakaa kitandani. "Kazini pia."

"Na weye uliwajibu nini?"

"Ningejibu nini, Adolphine? Ningepigana na bantu, Bwana angesikia, angeacha kuya." Alitazama mikono yake. "Nilikuwa ninajua ni uongo. Haikutosha?"

Haikutosha. Nilimwambia hivyo, na tukakaa majuma mengi tukiongea mambo ya chumvi na sabuni tu. Mashine alipewa mwingine. Huenda angepewa mwingine hata hivyo. Sijui, wala yeye hakujua, lakini ilimfaa kuamini kwamba ni mimi. Siku hizi wajukuu wangu hufikiri ndoa za zamani zilikuwa na amani kwa sababu watu hawakuachana. Wangekuja wakae kwenye chumba kile mwezi mmoja.

Mama yake Sylvestre alifika kwa treni kutoka Bukama kuningojea nijifungue, na kikapu cha samaki wakavu kilichonukia mpaka barabarani. Alikuwa ameisikia habari kabla ya kufika. Nadhani aliisikia kwenye behewa. Alisubiri Sylvestre aende kazini, akaketi, akaniambia nimweleze kwa kinywa changu. Nikamweleza yote, magogo, maji, mdudu, chupa. Alisikiliza vizuri, mikono magotini. Nilipomaliza alizungusha macho polepole: kitanda, meza, viti viwili vyekundu, vitambaa.

"Kuni gani, mutoto yangu?" akauliza. "Miye sione kuni."

Nilitamani kulia na nilitamani kucheka. Miezi yote ile nilitaka kuni zitoke, na sasa zimetoka, zimekwenda na ushahidi. Bwana Bilulu naye hakurudi kamwe, na kutorudi kwake kukawa ushahidi mwingine: amekimbia mimba. Bibiane, kwa wema wake, alimwambia mama-mkwe wangu kwamba yeye aliziona kuni kwa macho yake, na alivyolisema, kwa sauti ya mtu anayemfichia rafiki, lilikuwa baya kuliko kunyamaza.

Binti yangu alizaliwa asubuhi ya jua, akaja mwekundu kama wanavyokuja watoto wote. Mama-mkwe alimpokea, akampeleka dirishani, akakunja masikio yake moja baada ya jingine ili aone rangi ya pembeni, kwani huko ndiko rangi ya kweli huanzia. Aliyaangalia kwa muda mrefu sana. Kisha akatazama kucha. Nililala nikimtazama, mwili unauma, na nikajua kwamba hata masikio yale yakiwa meusi kama sufuria, kesho robine itasema nywele, na keshokutwa itasema pua. "Ni wetu," akasema hatimaye, akamrudisha kifuani kwangu, na akaanza kuimba kwa Kiluba. Wote walingoja nifurahi. Sikufurahi. Nilimwita Sylvestre aliyekuwa amesimama uani na kofia mkononi. Akaingia, akamtazama mtoto, akainama amguse.

"Ngoja," nikamwambia. "Chukua ndoo."

"Ndoo?"

"Maji yameisha. Mama yako haendi, amechoka. Nitakaa ndani mpaka nipone. Weye ndio utaenda robine."

Mama-mkwe aliacha kuimba. Mwanamume wa siku zile hakuwa akienda robine. Sijui kama naweza kuwaeleza vijana wa leo jambo hilo lilivyokuwa; ni kama kumwambia padri avae kitenge. "Adolphine," Sylvestre akasema kwa sauti ndogo, "kule ni banamuke tu."

"Ndiyo. Ni kule banasema. Utapanga foleni nabo, na foleni ikifika kwako utabaambia kuni zilikuwa za nani, zililetwa na nani, na nani alimwagiza muke yake avumilie. Utasema kwa ile sauti ya kwaya, bote basikie."

Nilidhani angekataa. Nadhani mama yake naye alidhani hivyo, maana alifungua mdomo kumtetea. Lakini Sylvestre alimtazama mtoto tena, yule binti ambaye baadaye alimpenda kuliko sisi sote, na nikaona kitu usoni mwake kinainama, kama ubao unapokubali msumari. Akavaa kofia. Akachukua ndoo. Nilimsikia akivuka ua, nikasikia madirisha yakifunguka moja moja, na Bibiane akisema, "Yesu na Maria," polepole.

Alikawia. Mtoto alinyonya, akalala, akaamka. Aliporudi alikuwa amelowa mpaka magotini, kwa sababu hakujua kubeba ndoo, na nusu ya maji ilikuwa imebaki njiani. Akaitua karibu na kitanda.

"Ulibaambia?"

"Nilibaambia yote."

"Banasema nini?"

Alifuta uso kwa mkono. "Banacheka, Adolphine. Hapana mumoja aliamini. Banasema umenituma."

"Nilikutuma," nikasema. Nikamsogezea mtoto ambebe. "Kesho utarudi."

Akarudi.